Mtu wa Bima Akakuta Pamefagiliwa

Chumba cha nyuma ya duka,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza, maana hasira haijanisahaulisha adabu. U hali gani? Wifi hajambo? Kikohozi cha kitinda mimba wenu kimepoa? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakula kidogo, goti linamsumbua kama kawaida, na mengine nakueleza humu kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nimekasirika, Kaka. Nimewakasirikia watu wa bima, nimekukasirikia wewe, na kidogo nimejikasirikia mwenyewe. Kaa kitako usome mpaka mwisho.

Duka la Mama la ushonaji liliungua, hilo unalijua. Nyaya za umeme za jirani yetu muuza simu zilishika moto alfajiri, na watu wakihangaika na ndoo, moto ulishavuka ukuta. Cherehani, majora ya vitambaa, sare za shule zilizokuwa zinasubiri vifungo, gauni la bi harusi, vyote vikaenda. Tulilia weee, kisha tukakumbuka kwamba tuna bima, ile uliyotuhimiza wewe tuikate kwa yule wakala, Bwana Tai. Nikapumua.

Ukapiga simu ukasema mkaguzi wa bima atakuja Jumatatu kuangalia. Ukakata, una mkutano. Hukuongeza neno.

Sasa wewe ulilelewa na mwanamke gani? Umesahau tulivyokuwa tukiamshwa kusugua sakafu kwa sababu tu karani wa maji anakuja kusoma mita? Mama kusikia mgeni anakuja, akajifunga kitambaa kichwani na mtaa mzima ukaitwa. Masizi yakasuguliwa kwa sabuni, majivu yakazolewa, cherehani zilizoungua akapewa fundi wa kuchomelea azifanye vyuma chakavu, na ukuta ukapakwa chokaa. Mimi nikaweka maua mezani. Ndiyo, maua. Cheka umalize.

Mkaguzi alikuja, mtu mzima mwenye miwani. Akatazama kuta nyeupe, akatazama maua, akauliza moto ulikuwa wapi. Mama akamjibu kwa fahari, "Tumeshasafisha, baba. Karibu kiti." Akanywa chai, akaandika mistari michache, akaenda zake. Wiki iliyofuata kampuni ikatujibu kwamba haijaona hasara yoyote.

Nilimpigia Bwana Tai mpaka kidole kikaniuma. Hapokei. Alipokuwa anatuuzia bima alipiga hata tukiwa tunakula, na Mama alimpunguzia suruali bila kumtoza kitu. Alitueleza moto, mafuriko na wezi, mate yakimtoka, ila jambo moja la maana likamshinda kusema: msiguse kitu mpaka tuje. Nikikutana naye barabarani, ile tai yake naikata kwa mkasi.

Lakini Bwana Tai si ndugu yangu. Ndugu yangu ni wewe, nawe ulipopata habari ulimwambia Mama, sauti ya simu ikiwa juu na wateja wamekaa pale pale, "Mama, duka mmelichoma mara ya pili wenyewe."  Mama alinikabidhi funguo, akasema duka amelizika kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hajashika sindano. Nimewahi kumwona Mama akishona na homa. Nimemwona akishona wiki ya msiba wa Baba. Kumwona amekaa na mikono mitupu mapajani, hiyo ni mpya kwangu, na inanitia hofu.

Basi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea nikijua vyuma vimeshauzwa. Alikuwa bado navyo. Alisema alizijua cherehani za Mama, mkono ukawa mzito kuzikata. Akazirudisha kwa mkokoteni, na habari ikazagaa. Aliyechukua mbao zilizoungua kwa ajili ya kuni akaleta zilizobaki. Bi harusi akaleta kipande cha gauni lake kilichoungua, alichokuwa amekiokota. Muuza simu, kwa aibu zake, akaleta picha alizopiga moto ukiwaka. Tukakwangua chokaa mpaka masizi yakatokeza. Hujawahi kuona mtaa ukichafua duka kwa bidii namna ile! Halafu nikaenda ofisini kwa watu wa bima, nikakalia kiti chao cha wageni, nikagoma kuondoka mpaka wakakubali kumrudisha mkaguzi.

Alirudi Alhamisi. Mama alikataa kuingia. Aliweka kigoda nje akalipa duka mgongo, asimwone mgeni akikanyaga uchafu. Mkaguzi akapiga picha kila kona, akaniambia sasa ana cha kuandika, ila uamuzi si wake. Kwa hiyo tunasubiri.

Alipotoka, viatu vyeusi tii kwa masizi, hakwenda kwenye gari. Alichuchumaa mbele ya Mama. "Pole sana, mama. Hakuna aliyewaambia." Mama akamshika mkono, akalia. Kisha akaona kifungo cha shati la yule bwana kinaning'inia. Vidole vya Mama vikapanda kwenye kola yake, pale alipozoea kuchomeka sindano, vikapapasa, vikarudi mapajani.

Kaka, mtu wa bima, asiyetujua wala hatumjui, ametoa pole. Wewe mtoto wake wa kwanza bado.

Mjomba fundi saa anakusalimu, goti lake na la Mama yanashindana. Shangazi anauliza kama bado unakoroma. Fundi wa kuchomelea naye anakusalimu, nami nimemwambia hustahili. Wasalimie Wifi na watoto, wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko uliko, na akulainishie ulimi.

Mpigie Mama asubuhi ya kwanza baada ya kusoma barua hii. Habari za bima usimuulize, ushauri usimpe. Anza na pole, kisha umwambie lile neno umelifuta. Simu yake nitaiacha mezani, na kando yake nimeshaweka sindano yenye uzi.

Ni mimi dada yako, nakupenda hivi hivi nikiwa nimefura,
Ulimi wa Pilipili