Kidani cha Bi Mwanahawa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Zinga hatujambo, mama yako anavuna mihogo.

Umeuliza kama ni aibu kucheza ngoma yao ya sikukuu ya Bihu huko Assam, India, ukiwa na hariri na bangili ulizoazimwa na mama mwenye nyumba wako. Katika usichana wangu, jirani yetu Bi Mwanahawa aliniazima kidani chake cha fedha nikachezee lelemama. Nikakificha chini ya kanga, nikiogopa watu wakitambue wanicheke. Ngoma imekolea, Bi Mwanahawa akaja na mkongojo wake mpaka kwenye mstari, akaifunua ile kanga.

"Miguu yangu imegoma," akasema. "Kiache kidani changu kicheze."

Basi vaa, mwanangu, na huyo mama mwalike aje atazame.

Bibi yako