Mistari Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua. Haya, nimeshaandika. Nimenunua!

Pikipiki mpya kabisa, ila sura ya enzi za mama: taa ya duara, tangi la kijani lililotuna, kiti kirefu bapa cha kahawia. Muuzaji anasema siku hizi watu wanataka sura ya kizamani bila usumbufu wa kizamani. Bei ya mtu wa kawaida, na mafuta inanusa tu. Nilishachoka kufika kiwandani kwetu, kwenye uchapaji, nimechelewa, msimamizi ananitazama mimi kisha saa ya ukutani.

Nimeiegesha uani, palepale ilipokuwa ya mama. Nilipoona ilivyoijaza ile nafasi, raha yote ikaniisha. Ile ya mama nilimpa mzee wa vyuma chakavu wiki tatu zilizopita, mama akiwa kwa Dada anasubiri operesheni ya jicho. Mzee alipita na mkokoteni, nikamwambia chukua. Ilikuwa kutu tupu, kuku wanatagia chini yake. Lakini sikumuuliza mama. Sikumuuliza kwa sababu nilijua jibu.

Jumamosi, 8 Machi

Mama karudi. Jicho moja lina kibandiko, la pili linaona vitu kama vimo kwenye mvuke wa sufuria. Utani wake haukufanyiwa operesheni. Eti yeye mkunga, kazalisha nusu ya mtaa, safari hii kazalishwa yeye, tena mtoto wa jicho! Tumecheka sana.

Kisha akapita uani. Akasimama. Akanyoosha mkono, akapapasa taa, tangi, kiti.

"Mwenzangu," akasema.

Ndivyo alivyoiita miaka yote ya ukunga, alipokuwa akiondoka nayo alfajiri na mkoba wake wa mikasi na pamba. Akaniuliza kama nimemtengeneza.

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu! Akalia. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema kitindamimba wake ana moyo. Dada alikuwa ndani na mizigo, hakusikia. Ningeweza kusema kweli palepale. Nikaenda kuchemsha chai.

Jumatano, 12 Machi

Mtaa mzima unajua. Mwenye duka la vitambaa, ambaye mama alimzalisha pacha, kaja kunipongeza. Kaniletea na kitambaa laini cha kufutia pikipiki. Nimekipokea! Navikwa kilemba cha ukoka, na mimi nainamisha kichwa nivikwe vizuri.

Mama kauliza mbona Mwenzangu anawaka bila kupigwa kiki. Nikasema Spana kamwekea kitufe. Spana ni fundi wa hapo kona. Ikabidi nikimbie kumpanga. Kakuna kichwa, akasema yeye kazaliwa mikononi mwa mama yangu, uongo huu unamwasha, lakini basi. Sasa tuko wawili ndani ya shimo moja.

Miwani ya mama itakuwa tayari tarehe 22. Siku za mwizi arobaini. Zangu zimebaki kumi.

Jumapili, 16 Machi

Nimempakia mama, taratibu, hadi zahanati yake ya zamani na kurudi. Kanishika kiuno. Anaimba! Pikipiki haikukohoa hata mara moja. Nakiri, nilifurahi. Naipenda pikipiki hii, na kila ninavyoipenda ndivyo inavyonisuta.

Tuliporudi akaniambia jambo. Akishapata miwani, anataka kufungua kifuniko cha ubavuni, upande wa kushoto. Upande wa ndani alikuwa akikwaruza kwa ncha ya mkasi. Kila mtoto aliyempokea, mstari mmoja. Pacha, mistari miwili iliyounganishwa. Aliyefariki, mstari uliokatwa katikati. Hajamwambia mtu, hata marehemu baba. Na madaftari ya zahanati yalishaliwa na mchwa. Anataka kuwahesabu akiwa anaona.

Sikujua. Naapa sikujua! Lakini hilo halinisafishi. Ningemuuliza, angeniambia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikamfuata mzee wa vyuma chakavu. Kanikumbuka. Kasema lori lilibeba kila kitu wiki iliyopita, kimeshakwenda kuyeyushwa. Akauliza kulikuwa na nini cha maana. Nikalia pale, kati ya masufuria yaliyopondeka na fremu za vitanda. Kanisogezea kigoda, akaendelea na kazi yake.

Jumatano, 19 Machi

Nimeharibu kadi za harusi, bunda zima. Nimezikata upogo. Msimamizi kauliza kama naumwa. Nimesema ndiyo. Uongo umeshakuwa rahisi kuliko salamu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefanya jambo baya.

Mama alikwenda kwa jirani. Nikafungua kifuniko cha kushoto kwa bisibisi. Plastiki! Cha Mwenzangu kilikuwa bati. Hata hivyo nikaenda kuchukua mkasi kwenye mkoba wake, nikaanza kukwaruza. Mstari. Mstari. Pacha wa mwenye duka nikawaunganisha. Spana nikamwekea wake. Wengine nikawabuni tu, watoto wasio na mama wala uso. Nilipofika wa kumi na tisa nikakumbuka waliofariki. Ilibidi nikate mmoja, maana mkunga gani hajawahi kupoteza? Mkono ukagoma. Nimkate nani?

Nikarudisha kifuniko. Mama akaingia kabla sijaurudisha mkasi.

Jumamosi, 22 Machi

Miwani tumeichukua asubuhi. Wa kwanza kutazamwa ni mimi. Kasema nimekonda. Kisha kaona utando wa buibui juu ya mlango, nikasemwa kwa huo utando hadi nikacheka. Nikadhani labda leo itapita.

Akatoka uani. Akaizunguka pikipiki mara mbili. Akaomba bisibisi. Nikasema tumngoje Spana. Akasema kile kifuniko alikuwa akikifungua kabla Spana hajaota meno.

Kafungua mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda, kifuniko mapajani. Akakigonga kwa ukucha. Kisha akapitisha kidole ndani, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa tumbo la mzazi kujua mtoto kalalaje. Alihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tisa akarudia tangu mwanzo. Akainua uso. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu," kasema, "hawa ni watoto wa nani?"

Nimesema naenda kuzima jiko. Jiko halijawashwa tangu asubuhi. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Dirishani namwona. Bado kakishika kile kifuniko kwa mikono miwili, hakukitupa. Midomo yake inacheza. Nadhani anataja majina, ya wale wa kweli, anaowakumbuka.

Ananiita. Kitindamimba, njoo. Anasema nije na mkasi wake, kwenye mkoba haumo.

Uko mfukoni mwangu tangu jana.