Jina ya Baba mu Mémoire

Katuba, siku ya ine, magaribi

Hapana, siwezi kunyamaza. Profesa wetu anavaa abacost, koti ya kukataa suti ya kizungu, kila siku anatuambia tusifuate tena bazungu. Leo amekata maneno ya baba mu mémoire yangu, kazi ya kumaliza université, na bic nyekundu: «Moto ikiacha rangi ya majani, mukuba imeiva.» Siku tatu nilihangaika kuyatia mu Kifaransa! Baba anachunga moto ya fonderie, kule banayeyusha mukuba, ile shaba, tangu sijazaliwa.

Profesa ameniita raia, vile banaita batu bote sasa: «Citoyen, baba yako haiko kitabu. Tia jina ya muntu mwenye kuandika.»

Nimetia ya muzungu mumoja. Kwa hasira. Hapana, kwa woga.

Sasa hivi baba, mwenye hajue kusoma, ameniuliza: «Jina yangu iko wapi?»

Nimemuonyesha ya muzungu. Ameigusa pole pole na kidole.

«Aksanti, mwana.»