Aina ya Nne

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wawili. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi mwili mzima, nakula, nalala kiasi. Mengine utayasoma humu, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, nisamehe kwa kuchelewa. Uliniuliza kwa niaba ya shemeji, aliyeshikwa na homa ya magari ya umeme, kwamba magari haya yanatofautianaje, maana kila muuzaji anamwambia lake. Ukasema kwa kuwa mdogo wako ni zimamoto, tena amepewa darasa la kuwafundisha wenzake magari hayo hayo, basi atakuwa anajua. Ni kweli dada, najua. Sasa hivi najua mpaka nachukia.

Yako manne. La kwanza ni la umeme mtupu: halina injini ya mafuta, halina bomba la moshi, na chaji ikiisha njiani ndiyo imeisha, huwezi kukimbia na dumu. Shemeji asilisogelee hilo. Mtu ambaye simu yake inazimika kila siku saa nane mchana ataliweza wapi gari la kuchaji? La pili ni haibridi ya kuchomeka. Hiyo ina betri kubwa unayoichomeka ukutani kama pasi, na ina tangi la mafuta pia, umeme ukiisha injini inapokea. La tatu ni haibridi ya kawaida, huichomeki popote, inajichaji yenyewe ukikanyaga breki, na wakati mwingine inanyamaza kimya hata ukadhani imezimwa. Hayo matatu yana umeme wa kuua. Nyaya zake nene zimepakwa rangi ya chungwa makusudi, ili mtu kama mimi akiziona aondoe mkono wake.

La nne ni haibridi nyepesi. Hilo, tusidanganyane, ni gari la mafuta lililopewa msaidizi. Betri yake ndogo kazi yake ni kuisaidia injini wakati wa kuondoka, basi. Haliendi kwa umeme peke yake, nyaya za rangi ya chungwa halina, na umeme wake si wa kuua mtu. Mwambie shemeji hilo ndilo linalomfaa, naye akibisha kama kawaida yake, mwache abishe.

Sasa nikwambie nilivyokuja kuyajua haya.

Miezi minne iliyopita, asubuhi ya saa nne, tuliitwa kwenye ajali, pale barabara kuu inapopita chini ya reli. Lori la kokoto lilikuwa limeligonga gari dogo ubavuni na kulibana ukutani. Ndani alikuwemo mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, mlango umembana kuanzia kiunoni. Siku ile mkubwa wetu wa zamu alikuwa ameitwa makao makuu, kwa hiyo kiongozi nilikuwa mimi. Wenzangu watatu walikuwa wapya, hawajafundishwa magari haya. Mwenye cheti nilikuwa peke yangu.

Nyuma ya gari pameandikwa haibridi. Wenzangu walikuwa wameshaushika mkasi wa mashine, wa kukatia vyuma, wananitazama. Nikawaambia wauweke chini. Kanuni ya kituo chetu ni kwamba gari lenye umeme wa kuua, ukishalizima, unasubiri dakika kumi umeme utulie ndipo ukate. Nikalizima, nikatazama saa, tukasubiri.

Yule mama alikuwa na fahamu zake zote. Nilipiga magoti dirishani nikamshika mkono, vidole bado vina vumbi la chaki. Akaniuliza jina langu, nikamtajia, akasema amewahi kufundisha wawili wenye jina hilo na wote walikuwa watundu. Nilicheka, dada. Nilicheka kabisa. Dakika ya nne aliacha utani, akanikazia macho.

"Mwanangu, mnasubiri nini?"

Nikamwambia tunasubiri umeme utoke, mama, vumilia kidogo. Akasema haya, ninyi ndio mnaojua. Dakika ya saba mkono wake ukalegea. Dakika kumi zilipotimia tulikata, tukamtoa bado anapumua, akakata roho ndani ya gari la wagonjwa kabla hawajafika hospitali. Daktari alisema damu ilikuwa inavujia ndani, na mtu wa hali ile anaokolewa na dakika tu.

Gari lile lilikuwa aina ya nne. Hapakuwa na umeme wowote wa kusubiri.

Uchunguzi ulifanyika. Niliandika kwenye ripoti kwamba kwa jinsi gari lilivyopondeka, aina yake haikuweza kutambulika. Na kanuni inasema usipoitambua aina, chukulia ni ya kuua. Basi mkuu wa kituo akanisifu mbele ya watu wote kwa kulinda maisha ya vijana wangu, na mwezi uliofuata akanikabidhi hilo darasa ambalo wewe ulinipongezea.

Ripoti ile ni ya uongo. Boneti lilikuwa limefunguka lote kwa kile kishindo. Nilisimama pale mbele nikaitazama injini, na nyaya za rangi ya chungwa hazikuwepo. Niliona kwamba hazipo. Ila sikujua maana yake mpaka nilipofungua kitabu cha mafunzo usiku ule, kwa sababu siku mbili zote za mafunzo nilikaa nyuma nikiwachekesha wenzangu, namchora mkufunzi na kitambi chake. Unanijua nilivyo. Kwenye mtihani niliangalizia kwa dereva wa zamu nyingine, jibu kwa jibu. Swali la tano liliuliza ni gari lipi kati ya manne linaloweza kukatwa bila kusubiri. Nilinakili herufi yake tu, swali lenyewe sikulisoma. Nilipata.

Hayo hayajui mtu ila wewe. Mtoto wa yule mama, fundi cherehani mwenye familia yake, alikuja kituoni kunishukuru. Alitaka kujua kama mama yake alisema neno lolote. Nikamwambia hakusema kitu, alikuwa amezimia tangu mwanzo, hakusikia maumivu. Alilia, akanikumbatia, akasema nimemtua mzigo. Tangu siku hiyo hunipigia kila Jumapili kunijulia hali, na ananiita kaka. Nimetafuta namna ya kumwambia na namna ya kutomwambia, zote mbili zimenishinda.

Usinijibu kwamba si kosa langu. Kila anayeniambia hivyo ameisoma ile ripoti. Kesho nina wanafunzi ishirini, nitawafundisha vizuri, wataelewa, na yule mama hatarudi kwa sababu hiyo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wabusu watoto kwa ajili yangu. Ningeandika zaidi, lakini leo ni Jumapili na simu imeshaanza kuita.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemlea.