Mama wa Kwenye Picha Anacheka Nini?

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Wajina wako hajambo, midomo imeshapoa, na ni yeye aliyenifanya nishike kalamu. Nimechanganyikiwa, na sina wa kumuuliza ila wewe.

Hukuwahi kumwona. Binti yetu wa kwanza alichukua jina la upande wa mume wangu, kama desturi, wa pili ikawa zamu yako. Kadzo. Ana miaka mitano, nami namwita mama. Basi nikitaka kumkaripia sauti inanikwama njiani. Nani anamkaripia mamake?

Baba Kadzo anafanya kazi hoteli, upande wa dobi. Mgeni mmoja aliondoka akaacha kitabu cha mtoto, naye akaruhusiwa kutuletea hapa kijijini Barani. Maneno yake ni ya kizungu gani hatujui, nawe wajua shule niliiachia wapi. Kwa hiyo nasoma picha, maneno natia yangu. Ukurasa mmoja mama amenyoosha kidole, anamkataza mtoto asimvute paka mkia. Ukifungua, paka yuko juu ya kichwa cha mtoto. Anamkataza asipande kabati. Ukifungua, kabati limelala chini, na miguu miwili inachungulia. Ukurasa wa mwisho mtoto amefungwa bandeji mpaka puani, na mamake anacheka, amejishika mbavu.

Hapo ndipo siwaelewi. Jirani yangu, mama Fatuma, alikitazama akasema, "Hicho chafundisha ujeuri, mwanangu. Kitie jikoni kikuivishie chai." Sikukitia, maana Kadzo akikisoma anacheka mpaka anabiringika mkekani. Lakini ikawa kila nikimkataza jambo ananitazama tu, anasema, "Haya, fungua tuone."

Juzi nilikuwa nachoma korosho nyuma ya nyumba. Nikamwambia, "Mama, hizi mbichi usitie mdomoni. Ganda lina mafuta, yanaunguza."

"Fungua tuone."

Nikainama kuchochea moto, nikasikia kilio. Midomo ilivimba, ngozi ikaanza kubambuka. Nikamsafisha, nikampaka mafuta ya nazi, na moyoni nawaza: kama hili hakulisikia, je kisima? Je barabara ya magari? Huo ndio woga wangu, Mama. Kuna mambo mtoto akiyafungua hayafungiki tena.

Alipotulia akanitazama usoni, kitambo. Kisha na ile midomo kama maandazi mawili akauliza, "Mama, mbona hucheki? Si tumefika mwisho?"

Nikampa mgongo. Machozi yalikuwapo na kicheko kilikuwapo, sijui kipi kilitangulia. Mabega yakawa yanatikisika yenyewe, naye nyuma yangu anauliza, "Unalia?"

Ndipo nikakumbuka lile hando lako jeupe, vazi la marinda la kufunga kiunoni. Ulinikataza nisiliguse. Ulipokwenda kuteka maji nikalivaa, likanizidi, nikajikwaa nikaingia zizini kwa mbuzi, kichwa kwanza. Ulinitoa kwa mkono mmoja, ukanikung'uta mavi ya mbuzi, ukasema, "Umeona sasa?" Kisha ukageukia ukutani, na mabega yako yakatikisika. Miaka yote nimejua kwamba siku ile nilikuliza. Ndiyo sababu sikuligusa tena. Si kwa kuogopa fimbo, ni kwa kuogopa yale mabega.

Sasa sijui. Ulikuwa unalia, au ulikuwa unanificha kicheko? Kama ulicheka, mbona nilitii? Na kama ulilia, mbona jioni ile ulinipakata ukanipa nyama ya kwenye sahani yako? Nageuza huku nageuza kule, sipati. Na nataka kujua, kwa sababu sijui nimwonyeshe mwanangu uso gani.

Kitabu bado kipo. Mama Fatuma hajui.

Jana tulikuwa tunatoka sokoni, nikamwambia Kadzo asisogelee kisima cha kule nyuma ya msikiti, hakina ukuta. Nikangoja maneno yake. Badala yake alikuja mbele yangu, akainua kichwa, akanichungulia usoni, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Sijui aliona nini. Akanishika kidole, tukapitia mbali.

Pumzika, Mama.

Ni mimi mwanao, ambaye bado nakuita kila siku, na kuna anayeitika.