Watani Walionyamaza

Jumatatu, 6 Juni 1994. Morogoro.

Sala ya asubuhi na vijana. Wamekuja saba, wengi wao wale waliopunguzwa kazi kiwanda cha nguo kilipofungwa. Nimefundisha Waraka kwa Warumi kwa kurejea Kiyunani. Skola, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, akauliza kama Kiyunani kina neno la njaa. Wakacheka. Nikamjibu kwamba lipo, nikaliandika ubaoni. Wakacheka zaidi. Najua kwamba nisipokuwapo huniita Mchungaji Myunani. Yapo majina mabaya kuliko hilo.

Mchana nimesoma magazeti. Kila mwezi linazaliwa jipya, na kila jipya linaandika Kiswahili kibovu kuliko lililolitangulia. Uhuru wa soko umefika hata kwenye sarufi.

Kesho nazika. Mchungaji kiongozi yuko Gairo kwa semina, hivyo maziko ya Mzee Lazaro, mzee wa kanisa, yameniangukia. Maziko yangu ya kwanza bila msimamizi. Mahubiri yamefika kurasa nane. Sioni pa kupunguza.

Jumanne, 7 Juni.

Nimefanya lililopaswa kufanywa. Naandika damu ikiwa bado inachemka.

Jeneza lilikuwa limeshawekwa kando ya kaburi. Mzee Kobelo akashuka kaburini, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Yeye ni mtani wa ukoo wa marehemu. Kwa desturi yetu Waluguru, watani ndio wanaochimba kaburi na kusimamia kazi za msiba, na ndio pekee wenye ruhusa ya kumdhihaki marehemu mbele ya wafiwa. Akasema kaburi hili ni zuri mno kwa mtu mvivu kama Lazaro, kwa hiyo amelichukua yeye. Lazaro atafutiwe jingine. Na asije mtu na kifaranga akadhani ndiyo malipo ya kumtoa humo, anataka jogoo. Watu wakaangua kicheko. Mjane alicheka huku machozi yakimtoka.

Nikafunga kitabu. Nikasema, "Mzee, toka. Mbele ya Mungu hatuchezi. Mambo haya yamepitwa na wakati."

Akanitazama kutoka chini. Ananijua tangu nilipozaliwa: ukoo wake ni watani wetu pia, na kijiji chake kinatazamana na cha mama yangu kule Mgeta. Akatoka, akapangusa udongo kwenye suruali.

"Haya, Mchungaji. Tumesikia."

Mjane akaanza kulia upya, safari hii bila kicheko. Nikahubiri kurasa zote nane.

Alhamisi, 9 Juni.

Mchungaji kiongozi amerudi, na habari imeshamfikia. Anasema watani huwapa wafiwa nafasi ya kupumua. Nikamwuliza: kama tunaamini ufufuo, mchekeshaji wa nini? Nikamtajia mababa wa Kanisa, nikamtajia mitaguso ya maaskofu wa kale. "Umeshinda, kijana," akasema, akaenda kumwagilia mchicha wake.

Nimekuwa nikishinda mabishano tangu sekondari. Hili sikuona raha yake.

Jumapili, 12 Juni.

Baada ya ibada dereva wa lori la kabichi ameniletea ujumbe wa Mjomba Deo, kaka yake mama. Kifua cha mama kimezidi. Hospitali wamemrudisha nyumbani.

Wamemrudisha. Hawakusema amepona.

Naogopa.

Jumanne, 14 Juni. Mgeta.

Nimepanda na lori, juu ya magunia matupu. Wanunuzi wa Dar siku hizi wanakuja na malori yao. Ushirika umebaki jengo lenye kufuli. Kuanzia barabarani ni njia ya miguu, mwinuko mtupu, na ukungu. Viatu vyangu vya mtumba, ambavyo mjini huonekana vya heshima, vimeniangusha mbele ya wanawake waliojitwika karoti. Wawili kati yao ni wa ukoo wa Kobelo. Watani wetu. Zamani wangenicheka hadi waweke mizigo chini. Leo wamesema "Pole, Mchungaji", wakapita.

Mama amebaki mifupa. Nimemwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda. "Umekonda. Huko mjini wanakulisha vitabu?"

Habari za makaburini zilimfikia kabla yangu. Hakunigombeza. Anataka kitu kimoja tu: Kobelo. Wametaniana tangu mama akiwa msichana. Humwita mama mke wake mtoro; mama humwita mwizi wa kuku. Siku tulipomzika baba, Kobelo alimfanya mama acheke pale pale kaburini. Nilikuwa mtoto wa shule. Niliona aibu.

"Kamwite," amesema. "Nataka anitukane nikiwa bado nasikia."

Jumatano, 15 Juni.

Nimevuka bonde kwenda kwa Kobelo. Nimemkuta akifunga vitunguu mafungu. Nilitarajia matusi, njiani nilikuwa nimejiandaa kuyavumilia. Badala yake amenyanyuka, ameniletea kiti, ameuliza habari za kazi ya Bwana, habari za kwaya, habari za afya yangu. Ameniita Mchungaji kila sentensi. Mkewe ameniletea chai kwa kupiga goti. Hakuna kitu chochote duniani kinachoweza kumweka mtu mbali kuliko heshima ya namna ile kutoka kwa mtani wake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosa. Neno moja tu. Badala yake nikaeleza. Nikatofautisha utani kama ujirani mwema na utani kama ibada ya wafu. Nikamwambia kwamba kwa mgonjwa sina pingamizi: anaweza kuja.

Ndivyo nilivyosema. Anaweza kuja. Nimempa ruhusa ya kumtembelea mtu aliyemjua kabla yangu.

Akasema, "Ahsante, Mchungaji. Nitafika kumjulia hali."

Alhamisi, 16 Juni.

Amekuja. Amenawa, amevaa shati la Jumapili. Ameketi karibu na mlango, kofia magotini.

Mama alimwanza mwenyewe. Sauti haikufika mbali, lakini ilikuwa na uchangamfu ambao sijausikia tangu nifike. "Mwizi wangu, leo umenawa uso. Kuku wa nani amepotea?"

Kobelo alinitazama. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Ningeweza kutoka nje. Ningeweza kutikisa kichwa. Sikufanya lolote.

"Pole sana, dada," Kobelo akasema. "Mungu akusaidie."

Mama akangoja. Sote tulimwona akingoja. Kisha akageukia ukutani.

Kobelo alipokwisha kuondoka, mama akasema bila kugeuka, "Ameniita dada. Kumbe nimeshakuwa mgeni kwao."

Najichukia.

Ijumaa, 17 Juni.

Mama hali chakula. Mama mdogo Anjela, mdogo wake, anamlowanisha midomo kwa kitambaa. Mjomba Deo hasemi nami isipokuwa kwa lazima.

Nimekaa uani nikipanga jinsi ya kumwomba Kobelo radhi bila kukana nilichokiamini. Nimepata njia tatu, zote nzuri kimantiki. Jioni ukungu ukafunga bonde. Nikaona niende kesho.

Jumamosi, 18 Juni.

Mama amefariki alfajiri.

Jumapili, 19 Juni.

Tumemzika.

Watani walikuja wote, ukoo mzima. Wakaketi na wageni. Hawakushika jembe. Kaburi lilichimbwa na binamu zangu, ambao hawajawahi kuchimba kaburi. Wakakutana na mwamba, wakahama, wakaanza tena. Mama alisubiri ndani. Waombolezaji walisikiliza sululu.

Mjomba Deo alimfuata Kobelo, nami nikiwa nyuma yake. Akamwuliza wanatuachaje tuzike namna hii. Kobelo akajibu taratibu, bila hasira. "Deo, mtoto wenu alituambia tumepitwa na wakati. Tumetii."

Nikapiga goti. Nikasema nimekosa. Hatimaye nilisema, bila maelezo yoyote, katika udongo, mbele ya watu wote. Akaniinua kwa mikono miwili. "Mchungaji, hukunikosea kitu. Simama, utachafua suruali."

Ndipo nikafahamu kwamba mtani haombwi radhi. Mtani hutukanwa. Hiyo ndiyo njia yake, kila mtoto wa kijiji hiki anaijua. Nikajaribu. Nikatafuta kichwani mwangu mote, humo nilimojaza mitaguso na vitenzi vya Kiyunani, nikapata hili: "Mzee, unanuka vitunguu."

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alikohoa. Nadhani mdomo wa Kobelo ulitetemeka upande mmoja, lakini nilitamani sana iwe hivyo, siwezi kuyaamini macho yangu.

"Ndiyo, Mchungaji," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Tukamshusha mama. Wakaimba vizuri, beti zote. Katika misiba ya nyumba yetu palikuwa kila mara na saa ya kumwigiza marehemu: mtani huvaa nguo zake, hutembea kama yeye, hugomba kama yeye, hata watu wakamwona tena. Saa hiyo ilipita kimya. Niliitambua kwa sababu watu wote walitazama chini kwa wakati mmoja.

Hayakuwa na dosari, maziko ya namna yangu. Kama mazishi ya mtu asiyejulikana.

Jumatano, 22 Juni.

Jana tulianua matanga. Wageni wameondoka. Mjomba Deo ameshuka kuuza njegere, lazima ziuzwe. Nimebaki na mama mdogo Anjela, ambaye amekuwa akipika na kufua bila kuniuliza nitaondoka lini.

Alasiri ameanika nguo za mama uani. Akaingia jikoni.

Nikachukua kanga yake ya kahawia. Nikajitanda. Nikatembea kutoka kizingitini hadi kwenye banda la kuku, mkono mmoja kiunoni, nikiburuta mguu kama alivyoburuta tangu aanguke na mzigo wa viazi. Nikawagombeza kuku. Sauti haikutoka sawa. Nikarudi kizingitini, nikaanza tena.

Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Sijui alikuwapo tangu lini.

"Si kazi yako hiyo," akasema. "Mtoto hamwigizi mama yake."

Nikaanza kuivua kanga. Hakuondoka. Alitazama banda, akatazama miguu yangu.

"Halafu aliburuta wa kushoto," akasema. "Si huo."

Nikabadilisha mguu.