Shangingi Lisiloshika Breki

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimefungua duka. Nimepima mchele, nimegombana na mpagazi, nimekunywa chai ikiwa imeshapoa. Kisha nikamwona Fidelis anakuja kwa miguu. Dereva wangu kwa miguu! Nikajua.

Gari limefanya tena. Kakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini, kama mtu anakanyaga uji. Kalisimamisha kwa kuliingiza kwenye ua wa mabua wa watu. Ua umelala. Mwenye ua kanitukana, na mimi nimemtukana mpaka kafunga mlango.

Hii mara ya tatu. Gari halina hata mwezi, viti bado vina nailoni ya kiwandani. Liliposhuka kwenye behewa, mtaa wote wa Majengo ulihamia stesheni ya Mpanda. Shangingi, na mwenyewe mwanamke! Viti vya ngozi, ubaridi unapuliza miguuni. Nimeuza dagaa na mchele mpaka kanga zangu zote zikanuka dagaa, nikasema na mimi nikalie ngozi kabla sijafa. Sasa wananicheka. Nasikia vicheko mpaka nikiwa chooni.

Fidelis analipenda hata hivyo. Jioni kalifuta vumbi kama anaogesha mtoto. Mdogo wangu huyu, tangu utoto alitaka usukani tu, shule hakuitaka.

Jumatano, 5 Juni

Posta tangu asubuhi. Foleni. Simu ya Dar imepatikana saa ya watu kwenda kula.

Nimemweleza wakala wa kiwanda kwa adabu zote. Breki zinakufa gari likishatembea sana, likipoa zinarudi. Sitaki kutengenezewa. Nataka gari jingine jipya, hili lirudi kwa waliolizaa. Kacheka. Anasema ni barabara zenu za huko bara, mama, endesheni tu, breki zitazoea.

Zitazoea! Breki ni mke mpya?

Nimemwambia nikimpata nitamng'oa hayo meno anayochekea. Ndipo kasema atatuma injinia. Simu ikakatika. Nimepiga mkono wa simu ukutani mpaka karani kanivamia. Kanisukuma, nimemsukuma, watu wametuamulia. Kidole kimevimba. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Juni

Mama katuma salamu toka kijijini Kabungu. Anauliza kama tumeosha damu. Hatujaosha. Siku gari lilipofika alichinja mbuzi mbele ya matairi, akapaka damu bampa na magurudumu yote, mpaka ndani kule chini Fidelis akalala chali kumsaidia. Ndivyo wanavyofanya kwetu, gari jipya lipewe damu lisije kujitafutia lenyewe. Na damu haioshwi, inaachiwa mvua. Mvua zilishakatika. Basi imekauka hapo, nyeusi, na nzi wake.

Biashara mbaya leo. Nina hasira na kila mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Mungu wangu.

Asubuhi waliniletea habari Mama ana malaria kali, hasimami. Nilitaka Fidelis akodi pikipiki, pikipiki zote zimekwenda mnadani. Kachukua gari kumfuata Kabungu. Mimi ndiye niliyempa ufunguo. Kwenda salama. Kurudi, gari limeshachemka, pale Misunkumilo watu wanatoka sokoni, mzee mmoja wa Katumba kavuka na baiskeli na gunia la maharage. Fidelis kakanyaga. Pedeli imezama.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, kaona yote. Baiskeli imekunjika. Mzee kalala chini, maharage yametapakaa juu yake. Watu wakadhani kafa. Wakamtoa Fidelis dirishani, kwa nywele na kola. Fimbo, mateke, jiwe la usoni. Mama anapiga kelele breki, breki, nani amsikilize? Gari wamelivunja vioo na taa, wamechana viti.

Nimekimbia toka Majengo bila viatu. Nimekuta wanampiga bado, na hata hasogei. Nilimng'ata mtu mkono. Simjui. Nilihisi mfupa, sikuachia. Polisi walipopiga risasi hewani ndipo wakatawanyika.

Mzee yuko hai. Mguu umevunjika.

Fidelis yuko hai. Uso wake sikuujua.

Jumapili, 9 Juni

Hospitali. Jicho la kushoto limepasuka. Wamemfunga pingu kwenye chuma cha kitanda. Nimemuuliza askari, huyu atakimbia na jicho gani?

Daktari kanivuta pembeni. Anasema jicho lililopasuka litolewe upesi na mabingwa wa Tabora, likibaki ndani litaliua na la pili. Mpandisheni treni, kasema. Wiki hii, siyo ijayo.

Nimekwenda kwa Afande Masunga, mkuu wa trafiki. Kakataa. Mtuhumiwa hatoki Mpanda mpaka gari likaguliwe na mtaalamu. Kama breki ni mbovu toka kiwandani, atamwachia leo leo. Kama ni uzembe, ni mahakamani.

Basi nimeelewa. Jicho la mdogo wangu liko mkononi mwa injinia.

Jumanne, 11 Juni

Treni imekuja. Injinia hayumo. Nimesimama stesheni mpaka abiria wa mwisho kashuka. Treni imeondoka, Fidelis hayumo.

Nimepiga tena simu Dar. Yuko njiani, mama. Nimetukana matusi ambayo sikujua ninayajua.

Mama kapata nafuu. Anakaa hospitali mlangoni kwa Fidelis na jembe la kupalilia mapajani. Wauguzi wanamwogopa.

Ijumaa, 14 Juni

Injinia kafika. Tai, viatu vya kung'aa, kijana mwembamba ananukia sabuni. Nilimpenda kwa muda mfupi. Nilimbebea begi lake mimi mwenyewe.

Kaliwasha gari uani kwa polisi, kazunguka ua mara mbili, kakanyaga. Imeshika. Kakanyaga tena. Imeshika. Nimemwambia baba, limelala wiki nzima, ni la baridi, litembeze mpaka lichoke. Hataki kunisikia. Kavua koti, kaingia chini ya gari. Katoka na damu kavu kwenye ncha ya bisibisi.

Anasema hii ni ya zamani, siyo ya mzee wa baiskeli, imeshapigwa na vumbi. Dereva huyu alishagonga mtu kabla akaficha. Kwa hiyo dhamana ya kiwanda imekufa, na gari halibadilishwi.

Nimemwambia ni mbuzi. Afande Masunga kacheka. Kila anayegonga anasema mbuzi, kasema.

Nilimzaba injinia kofi mpaka miwani ikaruka juu ya bati. La pili nilikuwa nimeshalinyanyua, wakanidaka. Wameniweka ndani mpaka asubuhi yake. Nimeandika haya baada ya kutoka. Sijuti. Namchukia. Ningekuwa na panga leo ningekuwa muuaji.

Jumapili, 16 Juni

Fidelis anasema jicho la kulia linauma. Anaona ukungu.

Nimemwambia ni moshi wa kuni za jikoni kwa wauguzi. Kakubali. Ananiamini kila kitu, ndiyo kinachoniua.

Mama kaenda polisi na ngozi ya yule mbuzi kichwani, na jembe lake. Kamwambia Afande, nimezaa watu wa umri wako, mimi siyo mwongo, na kama mkono wako ungekuwa na pingu kitandani mama yako angelala? Mwishowe Afande kasema kesho, mara moja tu, gari litatembezwa barabarani, yeye mwenyewe atakuwemo. Likishika, nisirudi kumsumbua.

Jumatatu, 17 Juni

Mbavu zinauma, naandika nimeegemea magunia.

Injinia kashika usukani, mimi sikugusa kitu, asije akasema nimelichezea. Afande mbele. Mimi nyuma peke yangu, juu ya vioo vilivyovunjika. Tukashika njia ya Kabungu.

Kilima cha kwanza, imeshika. Injinia kaniangalia kwenye kioo akatabasamu. Cha pili, imeshika. Afande akaanza kufurahia safari, anabonyeza vitufe vya ubaridi. Injinia akasema inatosha, akataka kugeuza.

Nikaikamata tai yake kwa nyuma. Nikaizungusha mkononi mara mbili. Nikamwambia nenda mbele. Kajaribu kusema, sauti haikutoka. Afande kashika mkono wangu, nikamwambia, Afande, nipige ukitaka, lakini twende mbele mpaka gari lichoke, ndivyo mdogo wangu alivyokwenda. Sijui kaona nini usoni kwangu. Kaachia mkono. Kasema, nenda, kijana.

Tumekwenda mpaka Kabungu, tumegeuza, tumerudi. Gari limeanza kunuka moto. Tai sijaiachia. Mikono ya injinia inateleza kwenye usukani kwa jasho.

Kwenye mteremko wa daraja kakanyaga.

Nilijua kabla hajasema. Goti lake lilishuka lote. Kapiga mara ya pili, ya tatu, anapiga kwa miguu miwili. Halafu kalia kama mtoto: "Hakuna breki! Afande, hakuna breki!"

Nilimwambia mimi. Sijui kama nilisema kwa sauti. Nilikuwa nacheka. Naandika ukweli, nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na daraja linakuja.

Afande ndiye kavuta usukani. Tumepiga kichuguu. Kofia yake imetokea dirishani. Injinia kapiga mdomo kwenye usukani, meno mawili ya mbele yamebaki pale pale. Damu mpya juu ya nailoni.

Vumbi linaingia. Injinia anaokota meno yake. Afande kajipapasa, kaona mzima, kamgeukia. "Hii nayo ni ya mbuzi?"

Jumanne, 18 Juni

Pingu zimefunguliwa. Chuma kimeacha jeraha mkononi kwake. Tumepanda treni, mimi na Fidelis. Injinia naye yumo, behewa la mbele, kafunga mdomo kwa kitambaa. Tulipokutana kwenye korido kanipisha. Kasema kwa taabu, dada, nitawaambia. Sina nafasi ya kumsamehe mtu.

Fidelis analala kichwa mapajani kwangu. Kila kituo anauliza tumefika wapi, wakati dirisha liko wazi mbele yake.

Alhamisi, 27 Juni

Tabora. Wamelitoa la kushoto.

La kulia limechelewa. Daktari kasema hivyo hivyo, limechelewa. Mngekuja mwanzoni, kasema, na mimi nimemkamata koti nikamsukuma mpaka kabati la dawa. Chupa zimeanguka. Halafu nikaokota vioo kimoja kimoja, na yeye kainama ananisaidia. Hakuniita askari. Mtu mwema. Namchukia na yeye.

Fidelis hajui bado. Anajua.

Jumamosi, 20 Julai

Dukani. Karani wa posta kaniletea mwenyewe habari, yule niliyepigana naye. Dar wamepiga. Kiwanda kimekubali. Gari jipya kabisa, aina ile ile, sitatoa hata senti. Wanasema injinia aliandika kila kitu. Hili bovu nilipakie kwenye behewa lirudi walichunguze.

Wateja wamepiga vigelegele. Mama Jeni umeshinda, wananiambia. Nimefunga duka mapema.

Jumanne, 23 Julai

Kulipakia gari. Wamelivuta kwa trekta mpaka stesheni.

Nilikuwa na shoka. Sikupanga, au nilipanga, maana shoka haliji lenyewe. Nimeanza na viti. Ngozi inapasuka vizuri. Kisha dashibodi, kisha milango. Ile pedeli nimeipiga mpaka mpini umevunjika, nikaendelea kwa mikono. Bwana stesheni kaja, kaniangalia, karudi ofisini kufunga mlango. Wapakiaji wamekaa kwenye reli wamesubiri. Hakuna aliyecheka.

Nilipochoka nimewaambia pakieni.

Mikono imechanika yote. Nilidhani nitasikia nafuu. Sikusikia kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Gari limefika jana. Watu stesheni ni wengi kama mara ya kwanza. Dereva wa kukodi kalileta mpaka nyumbani, kaenda zake.

Leo baada ya misa Fidelis kasema anataka kuliona. Ndivyo alivyosema, kuliona. Nimemshika mkono. Kauliza rangi gani. Nimemwambia nyeupe. Kalizunguka lote kwa kiganja, taratibu, taa, bampa, vitasa. Kafungua mlango wa dereva bila kupapasa, kakaa.

Kaniomba niwashe. Nimewasha. Kakanyaga breki, kasikiliza. Kakanyaga tena. Amekanyaga mara nyingi sana, sikuhesabu.

"Imeshika, dada," kasema.

Nimemwambia ndiyo, imeshika.

Kabaki hapo, mikono yote miwili kwenye usukani. Sikumtoa. Nimeingia ndani kusonga ugali.